Safari ya Bibi kwenda Bukoba

Dada (Nyegezi): Shikamooni Baba Mdogo na Shangazi. Nimeulizia tiketi ya Bibi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, na nimeona kwamba ndege kutoka Mwanza hadi Bukoba huchukua dakika 45. Kwa kuwa ni karibu hivyo, naomba kujua kama tunaweza kumsafirisha Jumamosi yenyewe alfajiri, ili asikae siku nyingi mbali na kliniki yake.

Baba Mdogo (Pasiansi): Marahaba, mwanangu. Umbali wa kiwanja hadi kiwanja, ukipimwa moja kwa moja juu ya ziwa, ni takribani kilomita 175. Ndege ya mapangaboi ikishatulia angani huenda kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo kama ingekuwa ni mwendo huo tu, dakika 20 na ushei zingetosha. Zile 45 huhesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa Mwanza hadi inaposimama Bukoba, na ndani yake mna kupanda, kuanza kushuka karibu mara tu baada ya kupanda, na kuzunguka ili kuikabili njia ya kutua, ambayo kule ina takribani mita 1,500 tu na imepakana na ziwa. Safari yangu ya mwisho, maji niliyopewa yalikuwa hayajafika nusu nilipokiona dirishani kisiwa cha Musira, kilicho karibu kabisa na Bukoba.

Kaka (Buswelu): Mimi niko tayari kumpeleka kwa gari, maana tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hatusubiri tena kivuko.

Baba Mdogo (Pasiansi): Ahsante, lakini ni karibu kilomita 400 za kuketi, na mara ya mwisho tulipofika Geita miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Meli nayo ni usiku kucha, na ngazi zake Bibi haziwezi.

Shangazi (Bukoba): Ndege ni sawa, ila Jumamosi nakataa kabisa. Usiku ziwa hujenga mawingu, na upepo wa mashariki huyasukuma huku kwetu, ndiyo maana msimu huu mvua hutupiga alfajiri na asubuhi. Rubani asipoiona njia vizuri hungoja angani au hurudi Mwanza, na hapo dakika 45 hazina maana tena. Sisi tuliokuwa hapa tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ndege ilipoangukia ziwani katika hali mbaya ya hewa, watu 19 wakafariki na 24 wakaokolewa, hatuwezi kumkasirikia rubani anayeghairi kutua. Mama aje Alhamisi. Mvua ikimrudisha, Ijumaa bado ipo.

Dada (Nyegezi): Nimekuelewa, Shangazi. Kliniki yake ni Jumatano, kwa hiyo Alhamisi inafaa. Je, yeye mwenyewe ataogopa?

Shangazi (Bukoba): Nimezungumza naye jana. Ameomba kukaa karibu na Baba Mdogo wako, na asiambiwe maneno mengi wakati wa kutua.

Baba Mdogo (Pasiansi): Nitamshika mkono. Tufike uwanjani muda wa saa mbili kabla ya ndege kuondoka, na mwombeeni kiti cha magurudumu mapema.

Dada (Nyegezi): Nimekata tiketi mbili za Alhamisi na kiti nimekiomba. Kitambulisho chake nimekiweka kwenye mkoba wa dawa, na ule mfuko wa dagaa wa Shangazi nimeupima: ni kilo 8.