Slipu za tarehe na selotepu zinanimalizia vitabu, nifanyeje?

mkutubi_mgeni: Wakuu habari za jioni. Nimekabidhiwa maktaba ya sekondari huku Tanga, vitabu kama mia nane hivi. Aliyenitangulia slipu za tarehe ya kurudisha alizipaka gundi karatasi nzima, sasa zimejaa mihuri na nikibandua inatoka na ukurasa wa kitabu. Lebo za namba za mgongoni kazipigia selotepu, imeshakuwa njano na pembeni inatoa kama mlenda, ukivuta kitabu kwenye shelfu kinakuja na jirani yake.

bibi_shelfu: Pole mdogo wangu, kwanza acha kubandua kwa nguvu. Tafuta draya ya saluni, moto mdogo, pasha lebo kidogo kidogo halafu ivute imelala, usiinyanyue juu. Lile doa la njano usihangaike nalo, gundi ya selotepu ikishazama kwenye karatasi haitoki kirahisi. Slipu mpya paka gundi ukingo wa juu tu, upana wa kidole, huku chini iachie ielee, ikijaa unabandika nyingine palepale.

Fundi Jalada: Naongezea, gundi iwe uji wa ngano maana ukitaka kuitoa unalowesha kidogo tu inaachia, ile nyeupe ya mafundi mbao ikishakauka ndo basi tena.

bibi_shelfu: Uji wa ngano kwa joto la Tanga?? Mende watakushukuru sana fundi 😂

Fundi Jalada: Haha sawa mama, ila pika mwepesi, paka kidogo, kikauke kabisa ndo urudishe shelfu. Halafu angalieni na karatasi yenyewe, ile ya bei chee ina asidi, inachoma ukurasa unaotazamana nayo.

mkutubi_mgeni: Kumbe!! Kuna kamusi ya zamani hapa ukurasa wa mwisho una kivuli cha kahawia, mraba kabisa saizi ya ule mfuko wa karatasi wa kuwekea kadi ya kuazimia, nikajua ni chai ya mtu.

bibi_shelfu: Sio chai hiyo, ni huo mfuko. Kamusi hiyo usiibandike kitu tena, andika namba kwa penseli laini ndani ya jalada, halafu chomeka ukanda wa karatasi isiyo na asidi wenye namba, kichwa kichungulie juu. Na isiazimwe, isomewe humohumo.

mkutubi_mgeni: Asante mama. Draya naazima kwa shemeji kesho, naanza na kile cha jiografia ambacho hata hivyo hakina jalada.