Naomba ushauri: tuwapokeeje mwaka wa kwanza bila kuwagombania?

Bwana asifiwe wapendwa. Niko kamati ya ukaribisho ya fellowship (ushirika wa wanafunzi Wakristo) chuoni. Fellowship ziko kadhaa: kwa kawaida Mlutheri au Mwanglikana huelekea USCF, wa TAG (kanisa la Kipentekoste la Assemblies of God) huenda CASFETA, na TAFES hupokea wa madhehebu mbalimbali. Shida ni getini: mtu kashuka basi na begi na ndoo, hajui hata hosteli iko wapi, tayari anajazishwa fomu ya fellowship. Wiki za mwanzo ukumbi unajaa, majaribio yakianza wanapukutika.

Mimi naona tuanze na usajili, chumba na mambo ya mkopo, ibada atakuja mwenyewe. Wenzangu wanasema tukichelewa wataenda kwingine (waende, si Kristo yuleyule?). Mliowahi kuongoza, nini kiliwafanya wabaki? Na mlezi mmoja apewe wageni wangapi?