Naomba ushauri: tarehe halisi za Acta Horti Petropolitani

Wakuu, habari za kazi. Nimekwama na Acta Horti Petropolitani, jarida la Bustani ya Mimea ya St. Petersburg lililoanza 1871. Lilitoka vipande vipande, ila nakala ninayotumia imejalidiwa na majalada ya karatasi yakatupwa, pamoja na tarehe zake. Umebaki mwaka wa juzuu zima tu.

Isitoshe, Urusi ilifuata kalenda ya Julian, ile ya zamani iliyo nyuma ya hii yetu ya Gregori, hadi 1918. Kwa karne ya 19 unaongeza siku 12. Kipande cha 20 Desemba 1879 kwao ni 1 Januari 1880 kwetu. Mwaka umeruka, na jina la mmea linaweza kupoteza haki ya kutangulia, yaani jina lililochapishwa kwanza ndilo hushinda! Tarehe ya kibali cha serikali siihesabu, maana ile ni ruhusa ya kuchapa tu.

Nimelinganisha na matangazo ya Botanische Zeitung, jarida la mimea la Kijerumani, na mihuri ya maktaba. Inanipa kikomo cha mwisho, yaani siku ambayo kipande kilikuwa kimeshatoka, siyo siku yenyewe ya kutoka.

Maswali: je, mnanukuu tarehe ya kalenda ya zamani au mnaibadili? Na nakala za pekee, yaani makala moja iliyochapwa kando, walizogawiwa waandishi mapema, mnazikubali kwa ushahidi gani?