Mutt inaonyesha \342\200\231 kwenye neno ng'ombe, nifanyeje?

Mfugaji_wa_Pwani:
Wakuu, habari za leo. Nasoma barua pepe kwa Mutt (programu ya barua ya kwenye terminali) kwenye seva ya Debian (aina ya Linux), naingia kwa mbali kwa SSH. Kila anayeniandikia kwa simu, neno ng'ombe linafika hivi: ng\342\200\231ombe. Wenzetu wa Bujumbura wakichanganya Kifaransa, é inakuwa \303\251. Mwanzoni zilikuwa alama za kuuliza. Mwongozo mmoja ukasema niweke `set charset="utf-8"` kwenye .muttrc, faili la mipangilio ya Mutt, ndipo zikageuka namba. Barua hizohizo kwenye simu zinasomeka vizuri. Naombeni msaada, kazi yangu yote iko humo.

FundiSeva:
Pole mkuu. Huko kugeuka ndiko kunakoonyesha ugonjwa ulipo. Alama ya kuuliza maana yake Mutt imeona seti ya herufi uliyonayo haina herufi hiyo, ikaweka "?" mahali pake. Namba maana yake umeilazimisha Mutt iamini UTF-8 (seti yenye herufi za karibu lugha zote) wakati mfumo chini yake bado unajua ASCII tu, yaani herufi 128. Apostrofi iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8. Mfumo haujui kuzichora, basi Mutt inaziandika mojamoja kwa namba. Futa mstari ule kabisa! Mutt yenyewe huichukua charset (seti ya herufi) kwenye mfumo. Halafu andika `locale` (amri inayoonyesha mipangilio ya lugha na herufi ya mfumo) utuwekee majibu hapa.

Mfugaji_wa_Pwani:
LANG haina kitu, LC_CTYPE="POSIX", LC_ALL tupu.

FundiSeva:
Ndiyo hiyo, POSIX maana yake mfumo uko kwenye ASCII tu. Weka `export LANG=C.UTF-8` kwenye ~/.profile, toka, ingia tena. Ukipenda majina ya siku na miezi kwa Kiswahili, endesha `sudo dpkg-reconfigure locales`, chagua sw_TZ, kisha LANG iwe sw_TZ. LC_ALL usiiguse, inafunika mipangilio mingine yote.

Dada_Linux:
Naongezea: kama unatumia tmux (programu inayoacha vikao vya terminali vikiendelea hata ukitoka), funga vikao vya zamani, vinabaki na mpangilio wa awali. Na baadhi ya barua za Windows hujitambulisha iso-8859-1 kumbe ni windows-1252 (seti mbili za herufi za Ulaya Magharibi zinazokaribiana), kwa hiyo weka hii kwenye .muttrc:

`charset-hook ^iso-8859-1$ windows-1252`

Zisizojitambulisha kabisa, hii:

`set assumed_charset="utf-8:windows-1252"`

Mfugaji_wa_Pwani:
Imekubali! `:set ?charset` inajibu utf-8, ng'ombe na é zote zinasomeka. Imebaki barua moja ya zamani ya Kiarabu kutoka Muscat, inadai ni iso-8859-1.

Dada_Linux:
Ifungue, bonyeza Ctrl-E, badilisha charset iwe windows-1256 (seti ya herufi za Kiarabu ya Windows).

Mfugaji_wa_Pwani:
Imefunguka. Asanteni sana.