Miti na bonde la mto mjini: viachwe au vipishe maendeleo?

Kivuli_Tosha: Wakuu salama? Kila mji unaokua unafika hapa. Barabara inapanuliwa, pembeni kuna miti mikubwa, na bonde la mto lililobaki wajenzi wanalimezea mate. Mi nasema visiguswe. Lami na zege zinakunywa joto mchana kutwa halafu usiku zinalitema, ndo maana katikati ya mji hapapoi kama pembezoni. Mvua nayo ikipiga zege haina pa kuzama, inaingia ndani kwa watu. Seoul walikuwa wameufunika mto Cheonggyecheon kwa barabara, 2003 wakaanza kuibomoa, 2005 mto ukafunguliwa. Wenzetu wanafunua sisi tunafunika??

Jembe_Kazini: Nyie wapenda miti hamjawahi kuingia bafuni usiku mkamkuta nyoka kajikunja nyuma ya ndoo. Miti ni nyoka na mbu, basi. Pigeni lami tulale.

BiMdogo: Kaka, nyoka hafuati mti, anafuata panya, na panya anafuata hayo mataka unayomwaga nyuma ya ukuta.

Jembe_Kazini: Dada unanijua? Umenionea wapi namwaga taka? Watu wengine mkishika simu adabu mnaiweka pembeni.

Mzee_wa_Hoja: Tuje kwenye mbu maana hapo kijana kapotosha. Aedes, yule wa dengue, anazalia kwenye tairi bovu na makopo yenye maji. Halafu kuna Anopheles stephensi, wa malaria, ametokea Asia, 2012 akaonekana Djibouti, huyo matangi ya maji ya mjini ndo kwake. Funua tangi lako umulike tochi, ukiona viluwiluwi vinajipindapinda kukimbilia chini uniambie hapo kuna mti gani.

Jembe_Kazini: Kwahiyo nina panya, nina taka na tangi langu chafu. Asanteni sana. Mmesahau kunguru tu.

Chuma_Chakavu: Hahaha kunguru umewagusa penyewe. Wale wenye shingo ya kijivu walipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 huko na Waingereza, eti wasafishe taka. Leo wanamaliza mayai na makinda ya ndege wengine pwani nzima. Mtu alitaka kurekebisha mji kwa ndege!!

BiMdogo: Si walikuja na meli wale?

Chuma_Chakavu: Meli ni sehemu nyingine, Zanzibar waliletwa. Bisha na wengine.

Nondo_12: Dawa yao sumu tu.

BiMdogo: Ua wote leo, jalala liache wazi, tuone kama hawajarudi. Taka ndo zinawalisha.

Kivuli_Tosha: Jamani mada ni miti na bonde!

Nondo_12: Mada yako yenyewe ina matobo. Huo mto wa Seoul unaousifia maji yake mengi yanasukumwa kwa pampu kutoka mto Han, wakizima umeme unabaki mfereji. Hiyo ni asili au bomba la maonyesho?

Kivuli_Tosha: Bomba la maonyesho ndo kichwa chako. Bora maji ya pampu yenye samaki na majani kuliko foleni ya magari juu ya mto uliozikwa.

Mama_Wawili: Mnabishana ndege na pampu, hakuna aliyeuliza bondeni anaishi nani. Mtu hajengi kwenye mkondo wa maji kwa kupenda, huko juu kiwanja hakikamatiki. Mkisema bonde lisiguswe yeye anaenda wapi? Na mnaotaka kulijenga, hayo maji mtayaambia yapite wapi?

Chuma_Chakavu: Mama hoja nzito hiyo, ila Nondo asiguse kunguru kizembe. Marekani, Chuo Kikuu cha Washington, watafiti walivaa vinyago wakawakamata kunguru, wakawaachia. Miaka zaidi ya kumi baadaye bado walikuwa wakikiona kile kinyago wanakipigia kelele.

Jembe_Kazini: Heri hao, wamemwona mtu kwanza ndo wakamsema.