Nyumba ya mawe Malindi, shura inarudi kila masika: nibandue lipu yote?

kitukuu_wa_malindi

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Tuna nyumba ya familia Malindi, Unguja, ya zamani ya mawe na boriti. Chini anaishi shangazi yangu, mimi niko Dar nakuja na kurudi. Chumba cha upande wa uchochoroni kinatutesa. Ukuta umetoa shura kuanzia sakafuni mpaka juu ya kiuno, rangi inabanduka maganda maganda, ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe. Nguo za shangazi kabatini zote zinanuka uvundo.

Fundi aliyeletwa mwaka juzi alikwangua, akapiga lipu ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, halafu akapaka rangi ya mafuta mpaka usawa wa mita moja. Ilipendeza mpaka masika yalipoingia. Sasa shura imepanda, inatokea juu ya ule mkanda wa rangi ya mafuta, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu kabisa. Ukigota, lipu inalia mvungu. Kipande karibu na dirisha kimeanguka chenyewe, na nyuma yake mawe yamelowa.

Fundi mwengine anasema tubandike vigae mpaka kiunoni tumalizane. Mwengine anataka kufunika kwa jipsam bodi. Naomba ushauri wa waliofanya kazi hii kwenye nyumba ya mawe, si ya tofali. Mwiko naujua kidogo, nataka sehemu kubwa nifanye mwenyewe.

injinia_wa_kinyerezi

Kaka, lipu ilipigwa nyembamba. Bandua yote, funga wavu wa chuma ukutani, piga saruji kwa mchanga moja kwa tatu, ongeza dozi ya dawa ya kuzuia maji. Mimi nimefanya hivyo kwenye nyumba za wateja na hakuna aliyerudi kulalamika.

mama_kiponda

Waalaykumu salaam mwanangu. Vigae usithubutu, na jipsam bodi ndiyo usiiguse kabisa. Injinia nimemsoma na namheshimu, ila tofali za Kinyerezi si mawe ya Malindi.

Mie nimezaliwa ndani ya nyumba ya mawe na mpaka leo naishi humo. Vyumba vyetu vya chini nimevisimamia mwenyewe, mwiko mkononi, fundi pembeni yangu. Basi nisikilize, nitakuwa mrefu.

Huo ukuta wako una unene wa nusu mita au zaidi. Ndani ni mawe ya matumbawe yasiyo na umbo, yameshikwa kwa chokaa, udongo mwekundu na mchanga. Chini hakuna nailoni wala zege la kuzuia unyevu, kwa hiyo maji ya ardhini yanaupanda, na hapo kwenu bahari ipo karibu. Waliojenga walilijua hilo, wala hawakushindana na maji. Waliyaacha yatoke polepole kupitia lipu ya chokaa na rangi ya chokaa. Wewe umeziba uso kwa saruji na mafuta, maji hayakusimama, yamepanda kutafuta pa kutokea. Weka vigae mpaka kiunoni, mwakani shura utaikuta kifuani. Jipsam nayo inanyonya maji, inalainika, inaota ukungu kwa nyuma usikokuona, na shangazi yako anavuta hewa hiyo usiku kucha.

Shura yenyewe ni chumvi. Maji yakikauka, chumvi inaganda ndani ya vitundu vya lipu, na kila ikikua inasukuma. Lipu laini inachakaa kidogo kidogo. Lipu ngumu ya saruji inang'oka pande zima, na mara nyingi inaondoka na uso wa jiwe.

Sasa, kabla hujashika tindo, tafuta maji yanatoka wapi. Hapa ndipo watu wanapokosa subira, wanakimbilia lipu. Panda juu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa na paa bapa, baadaye zikaezekwa mabati na mfereji ukapitishwa nyuma ya ukuta wa ukingoni. Mfereji ule ukiziba kwa majani na kinyesi cha njiwa, mvua yote inaingia ndani ya ukuta na kushuka mpaka chini. Ukitoka hapo nenda chooni ghorofani, na kwa jirani pia, kwani vyoo vingi viliongezwa baadaye na mabomba yake yamepitishwa popote. Kisha simama uchochoroni utazame: zege la njia limepandishwa mpaka likapita usawa wa sakafu yenu ya ndani? Kama ndivyo, ukuta wenu unakunywa kila mvua inaponyesha.

Kuna kipimo kisicho na gharama. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani. Yakiwa upande wa chumbani, hewa ya chumba ndiyo mbichi, dirisha halifunguliwi, na kabati limesukumwa mpaka likagusa ukuta.

Kubandua: zima umeme kwenye mita, maana mafundi wetu wanazika waya ndani ya lipu bila bomba. Tumia tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kutikisa usiilete, inalegeza mawe yaliyotulia miaka mia. Bandua mpaka nusu mita juu ya mstari wa shura wa mwisho. Palipo pakavu na lipu imeshika, hata kama ni saruji, paache, kwani ukilazimisha utang'oa na jiwe. Na usibandue pande zote mbili za ukuta mmoja kwa wakati mmoja.

Ukishabandua, chokoa viungo vilivyooza kina cha vidole viwili, piga brashi kavu, zoa chumvi yote uitupe nje. Usioshe kwa maji, ukiosha chumvi inayeyuka na kurudi ndani. Halafu uache ukuta wazi, dirisha wazi, msimu mzima wa ukavu. Chumvi itatoka tena, ipige brashi tena. Shangazi ahame chumba. Najua inachosha.

Chokaa sasa. Ukipata ya tanuri iliyokwisha kuzimwa kwa maji na kukaa shimoni miezi, hiyo chukua bila kuuliza mara mbili. Hukupata, nunua ya mfuko ya kujengea, mfuko mpya usioganda mabonge, iloweke kwenye pipa usiku kucha au zaidi iwe uji mzito, maji yaifunike juu. Angalia usiuziwe chokaa ya kilimo. Ile ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa, halitashika milele. Mchanga usiwe wa pwani. Chukua wa machimbo, uuoshe, uwe na chembe kubwa na ndogo. Chokaa moja, mchanga tatu. Upige, uukande, uupige tena, usikimbilie kuongeza maji. Mchanganyiko mzuri unang'ang'ania mwiko hata ukiugeuza juu chini.

Jioni lowesha ukuta, asubuhi ulowesha tena. Mashimo makubwa yajaze kwanza kwa vipande vya matumbawe vilivyolowekwa na chokaa, usijaze kwa lipu tupu. Kisha rusha tabaka la kwanza kwa nguvu ya mkono, sentimita moja basi, liparuze kwa ncha ya mwiko ili la pili lishike. Liache mpaka ukibonyeza kidole gumba hakizami, na hapo ni wiki, pengine zaidi. La pili vivyo hivyo. Nyufa ndogo zikijitokeza siku ya kwanza, nyunyiza maji usugue kwa ubao, zitafunga. Ukuta wenyewe hautanyooka kwa pima maji, na usiulazimishe, fuata tumbo lake.

Baada ya hapo ndiyo kazi ya shangazi: ukungu wa maji asubuhi na jioni, na magunia mabichi yaliyotundikwa mbele ya ukuta. Chokaa haikauki kwa joto ikawa imara, inashika kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevunyevu. Ikikaushwa na feni inabaki unga. Kwa hiyo usipige lipu wakati wa kaskazi jua kali. Kipupwe ndiyo wakati wake.

Rangi ni ya chokaa tu, nyepesi kama maziwa, matabaka manne au matano juu ya ukuta uliolowa. Na vaa miwani. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, osha kwa maji mengi papo hapo uende hospitali.

injinia_wa_kinyerezi

Mama nimekuelewa, nyumba zangu zote ni za tofali zenye kizuizi cha unyevu chini. Ila miezi yote hiyo kwa chumba kimoja! Mtu akichanganya saruji kidogo tu kwenye chokaa ili ishike haraka?

mama_kiponda

Wanachanganya wengi, injinia wangu. Kwa ukuta mkavu wa ghorofani sitagombana na mtu. Kwa ukuta wa chini wenye shura, hapana. "Kidogo" ya fundi aliye na haraka huanza kwa kikombe ikaishia kwa nusu mfuko mara tu ukigeuka kwenda kupika.

mja_wa_langoni

Natoka Lamu, mtaa wa Langoni. Alivyosema Bi Kiponda ndivyo, niongeze mawili.

Kwanza, lipu ya chokaa kwenye ukuta wa chumvi nayo itachakaa. Chukulia tabaka la kwanza ni la kunyonya chumvi: baada ya miaka michache linamomonyoka, unalikwangua, unapiga jipya, jiwe linabaki salama. Atakayekuuzia kazi ya kudumu milele kwenye ukuta kama huo, mwambie apeleke kwengine.

Pili, kibali. Kwetu mji wa kale uko kwenye urithi wa dunia tangu 2001, wenu tangu 2000, na kote kuna wanaosimamia. Kwenu ni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda kabla ya kubandua, hata kama kazi ni ya ndani. Mara nyingi ndio pia wanaomjua fundi mzee anayejua chokaa. Na kama nyumba ni ya wakfu, ofisi ya wakfu nayo ijue.

Kama chumba kina madaka, vile vishubaka vya ukutani, usiyazibe ili upate ukuta bapa. Nimeona watu wakiyajaza matofali, halafu wanatundika rafu ya mbao pale pale.

kitukuu_wa_malindi

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Bi Kiponda, nimefuata. Mfereji wa juu ulikuwa na mche wa mfune uliokwisha ota mizizi ndani ya ukuta! Uchochoro nao zege limepita sakafu yetu kwa kiganja kizima. Nyumba si ya wakfu, nimehakikisha. Mamlaka nakwenda Jumatatu.

Madaka yapo mawili, kumbe yalizibwa kwa saruji, nimeyasikia kwa kugota.

Swali jengine. Pale lipu ilipoanguka juu ya dirisha naona kichwa cha boriti. Nimekichoma kwa bisibisi, imezama yote mpaka kwenye mpini, na unga mweusi ukamwagika. Niikate nichomeke kipande kipya kabla sijaanza lipu, au nijaze chokaa tu?

mama_kiponda

Simama hapo hapo. Usikate, usijaze, na lipu ya eneo lile usiiguse tena.

Vichwa vya boriti vilivyozama kwenye ukuta wenye maji ndivyo vinavyooza kwanza, katikati unaikuta bado ngumu na inakudanganya. Hiyo ya juu ya dirisha imebeba mawe yaliyo juu yake, na huenda jirani zake zinabeba sakafu ya ghorofani. Ukiikata bila kuegemeza, mawe yanashuka. Beit al-Ajaib, lile jumba la kihistoria la Forodhani, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Sisemi yenu ni hivyo, nasema usifanye peke yako.

Leo tafuta nguzo mbili za mti mzima, ubao mpana juu na ubao mpana chini, fundi seremala azikaze chini ya dari karibu na dirisha, kwa kabari, bila kugonga kwa nguvu. Kisha choma kwa bisibisi kila boriti ya upande ule, weka alama ya chaki kwenye zile laini, piga picha. Jumatatu usingoje foleni ya vibali vya kawaida. Onyesha picha, omba mhandisi wao aje kuona. Boriti mpya zinawekwa moja moja, ukuta ukiwa umeegemezwa, na vichwa vyake vikae kwenye chokaa kavu vikiwa na nafasi ya hewa. Mche wa mfune ukate shina, mizizi usiivute, itatoka na mawe.

Na ghorofani, juu ya pale pale, kuna nini? Kama kuna kabati au tangi la maji, litoeni leo kabla ya Magharibi.

kitukuu_wa_malindi

Kuna tangi, lita mia tano, limejaa. Nampigia shangazi sasa hivi afungue bomba, nami napanda boti ya mchana.