Naomba ushauri: Mama anatumia dawa za presha, kaandikiwa diklofenaki ya magoti

Habari zenu wakuu, hasa madaktari na wafamasia mliomo humu.

Mama yangu ana miaka 64. Ana presha, na kila asubuhi anameza losatani miligramu 50 pamoja na kidonge cha kukojosha. Magoti yanamtesa, akimaliza kuswali anainuka kwa kushika ukuta. Zahanati walimwandikia diklofenaki miligramu 50, kutwa mara mbili baada ya chakula. Hakuulizwa anatumia dawa gani nyingine.

Maumivu yalipungua kweli. Lakini kiungulia kimeanza, jioni miguu inavimba mpaka alama za kandambili zinabaki, na presha iliyokuwa imetulia kwenye 135/85 imepanda hadi 158/94. Mfamasia wa mtaani kanieleza kwamba dawa za jamii hii hufanya mwili ubaki na chumvi na maji, na zikikutana na losatani na ya kukojosha, figo zinaweza kuelemewa. Akashauri asimamishe diklofenaki, atumie parasetamoli. Tumefanya hivyo, ila usiku halali, na inaniuma kumsikia. Hajatapika, wala choo chake si cheusi.

Jumatatu tunarudi kwa daktari. Naomba kujua:

Diklofenaki ya kupaka ni salama kwa mtu wa presha kama yeye, au nayo huingia kwenye damu kiasi cha kuleta shida?

Na zaidi ya kreatinini, tuombe kipimo gani cha figo?

Natanguliza shukrani.